Sumu ya risasi: kwa nini mtoto wa mtaa wa mabanda huumia kwanza

Owino Uhuru na Bangladesh ni mitaa miwili ya mabanda mjini Mombasa. Watafiti walipima damu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mitaa yote miwili ili kujua kiasi cha risasi, yaani madini yaliyomo ndani ya betri za magari. Wastani ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita ya damu Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Kwenye udongo tofauti ilikuwa kubwa zaidi: miligramu 146.5 kwa kilo Owino Uhuru, 14.5 Bangladesh. Umaskini peke yake hauelezi pengo hilo, kwa kuwa kote wanaishi watu wa kipato cha chini. Tofauti ni kwamba Owino Uhuru ilipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Ni vigumu kufikiria kiwanda kama hicho kikiruhusiwa kujengwa ukutani mwa nyumba za Nyali, mtaa wa wenye uwezo mjini humo.

Betri ya kawaida ya gari ina takriban kilo 10 za risasi. Ili kuipata, betri hupasuliwa, tindikali ikamwagwa, na sahani za ndani zikayeyushwa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za selisiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia, na ndiyo maana kazi hii hufanyika hata uani mwa nyumba. Mvuke wake ukipoa hugeuka vumbi laini linalotua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye mchanga wanaochezea watoto. Mvua ikinyesha, vumbi la mabati linashuka hadi kwenye pipa la maji. Baba akirudi kutoka kazini na ovaroli yake, analeta jingine ndani.

Mtu mzima akimeza risasi, mwili wake hufyonza kama sehemu ya kumi. Mtoto mdogo anaweza kufyonza hadi nusu. Tumbo likiwa tupu kiasi kinaongezeka, na mwili uliopungukiwa madini ya chuma na kalsiamu huipokea risasi kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo watoto wawili wanaweza kulamba vumbi lilelile, na yule asiyepata maziwa, dagaa wala mboga za majani akaondoka na sumu nyingi kuliko mwenzake. Risasi hujificha ndani ya mifupa kwa miongo. Msichana aliyekulia karibu na tanuru akija kupata mimba, mifupa inapotoa kalsiamu kwa ajili ya kijusi hutoa na risasi pia. Anaweza kuwa alishahama mtaa huo miaka mingi iliyopita.

Dalili za wazi, kama tumbo kusokota, kutapika na degedege, huja kiwango kikishapanda sana. Kabla ya hapo kuna upungufu wa damu, kutotulia, na ugumu wa kushika masomo, mambo ambayo mzazi na mwalimu huyaweka kwenye uvivu. Kipimo ni cha damu, na ni bora itolewe kwenye mshipa. Ikitolewa kwenye ncha ya kidole, mkono uoshwe kwa sabuni kwanza, maana vumbi lililo kwenye ngozi hupandisha jibu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtu akifika mikrogramu 5 kwa desilita, na linapendekeza mtoto apewe dawa za kuitoa risasi mwilini akifika 45. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akitibiwa kisha akarudishwa kwenye udongo uleule, kiwango hupanda tena.

Nyumbani yapo ya kufanya. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa kavu. Viatu vibaki nje, nguo za kazini zifuliwe peke yake, na mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kila mlo. Maji ya mvua ya kwanza kutoka kwenye bati yaachwe yapotee. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua na risasi inabaki. Sufuria za kuyeyushwa kienyeji kutokana na vyuma chakavu zisipikiwe vyakula vya ndimu, ukwaju au nyanya, kwani ukali wa vyakula hivyo huchomoa risasi iliyomo. Lakini tuseme kweli: kwa familia inayonunua maji kwa dumu, deki ya kila siku ni gharama. Ushauri wa usafi peke yake unamtwisha mzigo aliyekwisha kuumizwa.

Kinachookoa wengi ni uamuzi wa serikali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na hewa ya barabarani ikapungua sumu kwa mwenye gari na kwa muuza mahindi vilevile. Hakuna mzazi aliyehitaji kununua chochote. Petroli ile ilimgusa kila mtu. Moshi wa Owino Uhuru uliwagusa watu wachache wasio na sauti, nao walisubiri sana. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule tanuru lilipowashwa alikuwa ametimiza miaka 17, na fidia hairudishi miaka ambayo ubongo wake ulikuwa unakua.

Ndiyo maana mahali pa kupigania afya ni kabla ya leseni. Nchini Kenya, ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu kwenda mahakamani kulinda haki yake ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba ameshaumia. Uamuzi wa NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, kuhusu leseni unaweza kupingwa katika Mahakama Maalumu ya Mazingira ndani ya siku 60. Tangazo la tathmini ya athari za mazingira likitoka, wakazi waulize upepo unaelekea wapi, tindikali itamwagwa wapi, na wafanyakazi wataoga na kufulia wapi. Wadai pia udongo na damu ya watoto vipimwe kabla tanuru halijawashwa, na kila mzazi abaki na nakala ya majibu, kwa sababu bila vipimo vya awali mwenye kiwanda atasema sumu ilikuwepo tangu zamani.