Almasi mbili, pete moja: acha karati kwanza, soma milimita

Wiki hii nimekaa na mteja karibu saa nzima, almasi mbili mezani, pete moja, na swali ni lile lile ninaloulizwa kila siku, "Fundi, nichukue ipi?" Jiwe la kwanza karati 1.01 (karati ni kipimo cha uzito wa jiwe), rangi G, usafi VS1, usafi maana yake uchache wa dosari. La pili karati 0.91, rangi H (hatua moja chini ya G), usafi SI1 (chini ya VS1). Ukisoma vyeti tu la kwanza linashinda kila mahali, na yeye alishalipenda hata kabla hajakaa, maana kutamka "karati moja" kuna utamu wake.

Nikamwambia ebu tuache karati kwanza tusome milimita. La kwanza upana wake 6.26, la pili 6.23. Yaani ukiyatazama kwa juu ni saizi moja, jicho halitofautishi hapo. Sasa ile sehemu ya kumi ya karati imeenda wapi? Imezama chini! Kina cha la kwanza ni asilimia 65.2 ya upana wake, alafu na ule mshipi unaolizunguka ni mnene, wakati la pili lina 61.6. Uzito umekaa tumboni, umefichwa ndani ya pete, ila kwenye bei unaulipia wote, tena bei ya kila karati huwa inaruka jiwe likishafika 1.00. Mkataji naye anajua hilo, akiona jiwe ghafi linaweza kufika 1.00 likiachwa nene, mara nyingi ataliacha nene.

Na sio suala la hela tu, ndo maana nalisema kila siku. Almasi ya mviringo ina nyuso ndogondogo 57 au 58 na kazi yake ni kama vioo: mwanga unaingia kwa juu, unagonga ukuta wa chini, unagonga wa pili, unarudi kwenye macho yako. Ule ukuta wa chini ukiwa na mwinamo wa digrii 41 hivi au pungufu kidogo, mwanga unarudi vizuri. Ukifika 43 mwanga mwingi unapotelea chini na katikati ya jiwe panaanza kuwa peusi. Ukiwa bapa sana nako unaona duara la kijivu ndani, kama jicho la samaki.

Basi nikayafuta yote mawili, maana almasi inavuta sana mafuta na ukishaishika kwa vidole imeshafifia, usilinganishe kabisa jiwe safi na lililoshikwashikwa. Nikayaweka juu ya karatasi nyeupe iliyokunjwa tukasogea dirishani, tukaziacha zile taa kali za dukani kwa sababu chini yake hata jiwe baya linameta. Alafu nikayashusha kivulini, chini ya ukingo wa meza. Hapo la 1.01 likaonyesha kiini cheusi katikati kama mboni ya jicho, la 0.91 likaendelea kung'aa vile vile. Mteja akayabadilisha nafasi kwa kibano mara tatu, hasemi kitu, akaishia kwa lile dogo kila mara.

Rangi sikuhangaika nayo. G na H zimepakana, na maabara zinazotoa vyeti zinapanga rangi jiwe likiwa limelala kifudifudi, sio vile litakavyokaa kidoleni. Kwenye dhahabu ya njano ndo kabisa hutaona.

Usafi ndo nilikaa nao, kwa sababu SI1 sio kitu kimoja. Doa jeusi katikati ya uso ni shida, lakini hili lilikuwa na vidoti vyeupe pembeni, bila lenzi ya mara 10 huvipati. Ninachokiogopa mimi ni ufa unaofika kwenye mshipi. Watu wanasema almasi ni ngumu kuliko kila kitu, kweli, kwa mikwaruzo, ila ukiigonga kwenye mkondo wake, yaani upande ambao jiwe hupasuka kirahisi, inapasuka, na sonara anapokandamiza meno ya pete pale kwenye ufa, jiwe linaweza kupasuka. Hili halikuwa nao.

Kama moja ni ya kuchimbwa na nyingine imetengenezwa maabara, hilo amua kwanza peke yake, maana zote ni almasi kweli ila soko lake ni tofauti. Na kama jiwe ni la umbo la yai, namba hizi za mviringo hazitakusaidia sana, litikise taratibu uone kama kuna kivuli cha umbo la tai ya shingoni ya kipepeo katikati, kikikaa pale pale hata ukiligeuza, liache.

Amechukua la 0.91. Nimemwambia atakapokuja kuchukua pete aombe lenzi, asome ile namba iliyochorwa kwa leza kwenye mshipi wa jiwe, ailinganishe na ya kwenye cheti kabla hajaondoka.