Word ni programu, .docx ni muundo wa faili

"Nitumie Word yako niirekebishe." Juzi nimeisikia tena, na safari hii aliyeombwa akajibu, "Mimi sina Word, natumia LibreOffice." Mazungumzo yakaishia hapo. Mmoja alitaka faili, mwenzake alikuwa nalo, na kazi bado ikalala.

Office ni seti ya programu zinazotolewa pamoja: ya kuandikia, ya lahajedwali, ya mawasilisho na nyinginezo. Microsoft iliitangaza seti yake mwaka 1988, ingawa Word ilikuwapo tangu 1983 na Excel tangu 1985. PowerPoint ilibuniwa na kampuni nyingine, Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1987. LibreOffice ni seti nyingine, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010. Word, basi, ni programu moja ndani ya seti moja. Barua uliyoiandika si Word.

Barua hiyo ni faili, na faili lina muundo wake, yaani namna maandishi yalivyopangwa na kuhifadhiwa. Hapo ndipo inapoingia .docx. Wengi hudhani ile x ni alama ya toleo jipya tu. Imetokana na XML, lugha ya kuwekea data alama kwa maandishi ya kawaida. Hadi Office 2003 Word ilihifadhi kwa .doc, muundo ambao ukiufungua kwa kihariri cha maandishi matupu unakutana na vurugu ya alama zisizosomeka. Office 2007 ndiyo iliyoleta .docx, pamoja na .xlsx ya Excel na .pptx ya PowerPoint.

Jaribu mwenyewe. Nakili faili moja la .docx, kisha mwisho wa jina la ile nakala weka .zip mahali pa .docx, uifungue. Utakuta folda iitwayo word, na ndani yake document.xml: maneno yako yote yamo humo, yamezungukwa na alama. Kama ulibandika picha, zipo kwenye folda ya media, moja moja. Mimi nilipoliona hili mara ya kwanza nilikaa nikilitazama kwa muda mrefu. Faili nililolidhani ni kitu kimoja kumbe ni kifurushi cha zip, yaani mafaili kadhaa yaliyofungashwa pamoja.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa .odt, muundo wa kawaida wa LibreOffice. Nayo ni kifurushi cha zip, lakini maneno yamo kwenye content.xml, na alama zake ni za mpangilio mwingine kabisa. Miundo yote miwili ni viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango: ule wa .odt tangu 2006, wa .docx tangu 2008. Ndiyo maana programu ya kampuni yoyote inaweza kujifunza kuisoma na kuiandika, na LibreOffice inaiandika yote miwili.

Lakini kufuta .odt kwenye jina na kuandika .docx hakubadilishi muundo. Umebadilisha jina, vilivyomo ni vilevile. Muundo hubadilishwa ndani ya programu: unachagua Hifadhi Kama, kisha aina ya faili. Mpangilio unaweza kusogea kidogo, hasa kwenye majedwali na fonti, kwa hiyo likague kabla ya kulituma.

Yule wa juzi angeweza kujibu, "Sina Word, ila nakutumia .docx sasa hivi." Na aliyemwomba angesema tu, "Nitumie faili, kwa .docx ukiweza."