Mchanga, Maji na Sabuni: Namna ya Kutunza Zulia na Sakafu Bila Kuviharibu

Wenye nyumba wanaotutaka ushauri kuhusu zulia huanza karibu kila mara na habari ya doa: chai imemwagika, mtoto amekojoa, mafuta yamedondoka. Swali hilo ni la haki na jibu lake litakuja, lakini si doa linaloyamaliza mazulia mengi. Yanamalizwa na chembe za mchanga zilizozama kwenye mashina ya nyuzi mahali ambapo jicho halifiki, na pia na maji mengi yanayomwagwa kwa nia njema ya kusafisha. Anayeelewa mambo haya mawili ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi yenyewe, iwe nyumbani kwake kuna zulia la ukuta hadi ukuta au sakafu tupu ya vigae.

Tuanze na mchanga. Sehemu yake kubwa ni madini yaliyo magumu kuliko kioo cha dirisha, na chembe nyingi zina kingo kali. Kila mtu anapokanyaga zulia, chembe hizo husuguana na nyuzi na kuzikata kidogo kidogo kama msasa. Ndiyo maana njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye viti huchakaa mapema, ilhali kona zinabaki kama mpya. Sakafu ya mbao au ya marumaru nayo hupoteza mng'ao kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo usafi wa sakafu huanzia mlangoni. Wekeni kizulia kigumu cha kupangusia viatu nje na kingine cha kitambaa kinachonyonya maji ndani, na viatu vivuliwe hapo. Kuvua viatu kuna faida nyingine isiyo ndogo, kwani soli huleta vinyesi vya wanyama, mabaki ya viuatilifu na vumbi lenye madini ya risasi, na watoto wanaotambaa hucheza chini kisha huweka mikono mdomoni.

Mchanga ulioingia hutolewa ukiwa mkavu. Mashine ya kufyonza vumbi ndiyo bora, ila ipitishwe polepole, kwanza kwa urefu wa zulia kisha kwa upana, maana nyuzi zilizolala upande mmoja huficha uchafu upande wa pili. Mfuko wake umwagwe kabla haujajaa. Penye mgonjwa wa pumu, mashine yenye chujio la HEPA inafaa zaidi, kwa kuwa chujio hilo hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye kipenyo cha maikromita 0.3, na mgonjwa mwenyewe asiwepo chumbani wakati wa kazi. Asiye na mashine alitoe zulia nje, alitundike, alipige mgongoni mwake ili mchanga udondoke kwa mbele, naye afunike pua na mdomo. Kulikung'uta ndani ya nyumba ni kuhamisha vumbi kutoka kwenye zulia kwenda kwenye mapafu.

Katika vumbi hilo wamo utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wenye urefu wa takriban milimita 0.3 ambao hula magamba ya ngozi yanayotoka miilini mwetu. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Kinacholeta mzio, mafua yasiyokwisha na kubanwa kifua ni vinyesi vyao na mabaki ya miili yao. Hawana njia ya kunywa maji kwa kuwa hufyonza unyevu kutoka hewani, na hewa ya chumba ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevunyevu huwa vigumu kwao kustawi. Kupitisha hewa chumbani kila siku ni dawa kwa maana halisi ya neno hilo. Vizulia vidogo vinavyofulika vifuliwe kwa maji ya nyuzijoto 60, ikiwa lebo inaruhusu, kwa sababu joto hilo huwaua. Kwa mtu mwenye pumu inayochochewa na vumbi, ushauri wetu ni chumba chake cha kulala kisiwe na zulia kabisa.

Sasa maji. Zulia lililolowa likikaa bila kukauka kwa saa 24 hadi 48, ukungu huweza kuanza kuota mgongoni mwake, na harufu ya uvundo huwa dalili ya kwanza. Kwa hiyo mtu anayemwaga ndoo nzima juu ya zulia lililobandikwa sakafuni anaanzisha tatizo kubwa kuliko alilotaka kuliondoa. Zulia lifuliwe asubuhi ya siku kavu, likamuliwe au lifyonzwe maji kadiri inavyowezekana, kisha liinuliwe juu ya viti au kamba ili hewa ipite pande zote mbili. Jua kali hukausha vizuri lakini hufifisha rangi, hivyo mgongo ndio uelekezwe juani.

Sabuni nyingi nayo ni kosa tunaloliona mara kwa mara. Povu lisilosuuzwa likikauka huacha utando unaonata, na utando huo hukamata vumbi jipya, zulia likachafuka haraka kuliko kabla ya kusafishwa. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji kinatosha.

Doa huondolewa kwa kunyonywa, wala halisuguliwi. Bonyeza kitambaa cheupe kikavu juu yake, ukianzia ukingoni kuelekea katikati ili lisitanuke, na ubadilishe kitambaa hadi kisichukue tena kitu. Baadaye ndipo utumie maji machache yenye sabuni, na kabla ya hapo uyajaribu kwenye kona iliyofichika. Damu na maziwa havitakiwi kuguswa na maji ya moto, kwa kuwa joto huigandisha protini kwenye nyuzi. Maji baridi ndiyo yanayofaa. Mafuta yafunikwe kwanza kwa unga wa wanga ili yafyonzwe.

Wengi hulalamika kuwa doa walilolitoa jioni limerudi asubuhi. Halikurudi kutoka popote. Maji yalizama hadi mgongoni, yakayeyusha uchafu uliokuwa chini, na yalipokuwa yakipanda kukaukia juu yakaubeba hadi kwenye ncha za nyuzi. Tiba ni kuweka rundo la vitambaa vikavu juu ya sehemu yenye unyevu, kuvigandamiza kwa kitu kizito, na kuviacha hivyo usiku kucha.

Aina ya nyuzi nayo ijulikane mapema. Sufu ni protini kama nywele zetu, na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini huiyeyusha. Sabuni zenye vimeng'enya vya kuvunja protini pia huidhoofisha. Mabuu ya nondo huitafuna sufu katika sehemu zenye giza zisizoguswa, hivyo chini ya makabati pafagiliwe. Mkonge haupendi maji, kwani huacha alama na kujikunja. Nailoni na poliesta huvumilia zaidi.

Kwa sakafu tupu, kanuni ni ile ile: fagia kwanza, kisha piga deki. Tambara la kudekia likipita juu ya mchanga linaukokota na kuchuna sakafu. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia tambara. Mbao zipanguswe kwa tambara lililokamuliwa sana, kwa kuwa maji huzivimbisha. Marumaru, terazo na saruji zina chokaa, na siki au ndimu huila chokaa hiyo na kuacha mabaka yasiyong'aa. Nasikitika kwamba ushauri wa kutumia siki kwa kila sakafu umeenea mno. Zulia lenye mgongo wa mpira lisitandikwe juu ya sakafu ya plastiki, kwani huacha madoa ya njano yasiyotoka.

Kuhusu dawa zenye klorini, onyo letu halina masharti. Zikichanganywa na siki au sabuni ya chooni yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na zikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine inayounguza mapafu vilevile. Mkojo nao una amonia, kwa hiyo usimwagiwe klorini. Uoshwe kwanza kwa maji na sabuni. Aliyevuta gesi hiyo atoke nje mara moja, na akiendelea kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali.

Zulia lililoingiwa na maji taka au mafuriko halisafishiki kwa ukamilifu nyumbani. Litolewe likiwa limeviringishwa, anayelibeba avae glavu na viatu vya mpira, kisha litupwe, na sakafu iliyokuwa chini yake ioshwe kwa sabuni na kuachwa ikauke kabisa kabla ya kutandikwa kitu kingine.