Ualbino, jua la nyanda za juu na kidonda kisichopona

Ualbino unasababishwa na nini?
Rangi ya ngozi, melanini, hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinesi, ambacho hakifanyi kazi bila shaba. Maelekezo ya kukiunda yako kwenye jeni ya TYR, kromosomu ya 11. Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, rangi inakosekana au inakuwa kidogo mno. Afrika Mashariki wengi hitilafu yao iko kwenye jeni nyingine, OCA2, lakini ngozi inabaki bila kinga vilevile. Kwa hiyo akina baba, acheni kumsukumia mama lawama.

Vidonge vya shaba vitasaidia?
Hapana. Shaba mwilini ipo. Kasoro iko kwenye jeni. Hela hiyo nunua kofia.

Mbeya ni baridi. Jua la kuunguza liko wapi?
Liko palepale. Baridi haizuii mionzi ya urujuanimno. Kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi. Mawingu nayo yanaipitisha. Julai mtu anavuna viazi Uyole, koti zito mwilini, masikio, midomo na shingo viko wazi, halafu anatuambia leo hakuna jua! Vaa kofia pana pande zote (kapelo haifuniki masikio), mikono mirefu, na upake losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kaa kivulini kadiri unavyoweza.

Nina kidonda sikioni, miezi mitatu sasa, lakini hakiumi. Nisubiri?
Usisubiri. Kidonda kilichopita wiki 4 bila kupona kionwe na daktari, kiume kisiume. Saratani ya ngozi mara nyingi haiumi mwanzoni, ndiyo maana watu wanaizoea.

Nimekipaka GV, ile dawa ya zambarau, kikakauka.
Kimekauka juu. GV haitibu saratani, majivu hayatibu, dawa ya mzee wa kijijini haitibu. Njoo hospitali.

Kilifunga, kikafumuka tena.
Basi hakikupona. Njoo wiki hii, usingoje mavuno yaishe.

Nikija mtanifanya nini?
Tunakata kipande kidogo kwa ganzi, kinapimwa maabara. Saratani ikiwa ndogo, huondolewa kwa upasuaji mdogo na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikishaingia kwenye tezi za shingo, inaweza kuwa upasuaji mkubwa, na tiba ya mionzi ambayo wengi huifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.