Akiba ya jua: jani linavyoweka nishati na linavyoitumia usiku

Shika ukuni mmoja mkavu, uupime uzito kwa mkono, kisha ujiulize: mzigo huu umetoka wapi? Katika kazi yetu ya kuelimisha umma swali hili tumewauliza watoto na watu wazima, na jibu linalotangulia karibu kila mara ni "ardhini". Wanaojibu hivyo wana sababu. Mti umesimama udongoni, mizizi imezama humo, na tukiutilia mbolea tunasema tumeulisha. Lakini udongo haukuutoa ukuni huo. Sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa hewa, na joto linalotoka ukiuwasha lilikuwa mwanga wa jua.

Tabibu Jan Baptist van Helmont, aliyeishi karibu na Brussels, alilipima jambo hili kwa mizani. Alijaza chungu udongo mkavu wa ratili 200, akapanda mche wa mwerebi wa ratili 5, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na ratili 169 na ushei, bila kuhesabu majani yaliyopukutika. Akaukausha udongo, akaupima tena: ulikuwa umepungua takriban aunsi 2. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mti wote umetokana na maji. Hapo ndipo historia inapochekesha kidogo, maana Van Helmont ndiye aliyebuni neno "gesi", na mojawapo ya gesi alizozieleza ni ile inayotoka kwenye makaa yanayoungua. Gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiujenga mwerebi wake mbele ya macho yake.

Leo tunaiita hewa ukaa, au kabonidayoksaidi. Ni haba mno: kati ya molekuli 10,000 za hewa, kama 4 tu ndizo za hewa ukaa. Hata hivyo karibu nusu ya uzito wa ukuni mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo iliingia kupitia vitundu vya majani visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa stomata. Jani hulazimika kuvifungua ili kupata kaboni, na kila vikifunguka maji huponyoka. Ndiyo maana mmea wenye kiu huacha kukua hata kama jua ni kali: umefunga milango yake.

Sasa mwanga. Ndani ya seli za jani kuna vifuko vya kijani, kloroplasti, vyenye klorofili. Klorofili hunyonya sana mwanga mwekundu na wa buluu, na mwanga wa kijani huunyonya kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, hivyo ndio unaorudi machoni petu. Mwanga ukiigonga, elektroni zake hupandishwa daraja la nishati na kupokezwa kutoka molekuli moja hadi nyingine. Pengo linaloachwa huzibwa na elektroni zinazotolewa kwenye maji. Maji yanapasuliwa! Haidrojeni inabaki kazini, oksijeni inatupwa nje. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani oksijeni hiyo inatoka kwenye hewa ukaa, mpaka mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, wakiwa Marekani, walipotumia maji yenye oksijeni nzito, aina inayotambulika kwa uzito wake, na kuifuatilia hadi ilipotokea. Tunayoivuta puani ilikuwa maji.

Naomba tutulie hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha neno "kuhifadhi". Haidrojeni na oksijeni zikikutana huungana kwa nguvu. Kuzitenganisha ni kama kuvuta upinde: kazi uliyoifanya haipotei, inakaa kwenye uzi uliokazwa. Mwanga ndio mkono unaouvuta. Kisha jani hubaki na upande mmoja, haidrojeni iliyofungwa na kaboni kuwa sukari, na upande wa pili, oksijeni, huachiwa hewani. Tukisema nishati imo ndani ya sukari tunafupisha maneno. Akiba iko pande mbili, moja kwenye mmea na nyingine angani, na hutoka pale zinapokutana tena, iwe ndani ya jiko au ndani ya msuli wako. Gramu 180 za glukosi zikiungana na oksijeni hutoa takriban kilojuli 2,800, na tofauti kati ya moto na mwili ni kwamba mwili huzitoa kidogo kidogo.

Hatua ya kuifunga kaboni haihitaji mwanga moja kwa moja. Hutumia nishati iliyobebwa na molekuli mbili, ATP na NADPH, zilizojazwa na mwanga muda mfupi kabla. Njia yake ilichorwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham huko Berkeley, Marekani, waliowapa mwani kaboni yenye mnururisho na kuona inaingia katika kemikali ipi kwanza. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake, jambo ambalo wengi tunaofundisha somo hili huona halikuwa haki kwa Benson.

Mlangoni mwa njia hiyo kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, kiitwacho rubisko, nacho, kusema kweli, ni mzembe. Hushughulikia molekuli chache tu kwa sekunde, ilhali vimeng'enya vingine hushughulikia maelfu. Tena mara kwa mara hukosea, kikashika oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea ukalazimika kutumia nishati kurekebisha kosa. Mahindi, mtama na miwa huipunguza hasara hiyo kwa kuirundika hewa ukaa kuzunguka rubisko. Mimea mingine mingi hufidia uzembe kwa wingi: hutengeneza rubisko tele, na kila protini inahitaji nitrojeni. Basi mbolea ni ya nini? Ni ya hiyo rubisko, na ya klorofili, ambayo katikati yake pamekaa atomu ya magnesi. Mbolea ni vipuri vya mtambo, chakula ni sukari. Mifuko inayoandikwa "chakula cha mimea" inapotosha.

Mtambo wenyewe haupati faida kubwa. Zaidi ya nusu ya nishati ya jua huja katika miale ambayo klorofili haiwezi kuitumia, na nyingine hupotea kama joto. Kikomo cha kinadharia kwa mimea ya kawaida ni kama asilimia 4.6, na shambani mazao mengi huishia kwenye asilimia 1 au pungufu kwa msimu mzima.

Kidogo hicho hutunzwa kwa uangalifu wa ajabu. Sukari ikirundikana ndani ya seli ingevuta maji na kuifurisha, kwa hiyo jani huziunganisha molekuli za glukosi kuwa wanga, usioyeyuka na usiosumbua. Julius Sachs alionyesha hilo katika miaka ya 1860 kwa njia ambayo bado inatumika shuleni: ziba sehemu ya jani lililokaa gizani, lianike juani siku moja, litoe rangi kwa spiriti ya moto, kisha lidondoshee iodini. Palipopata mwanga hugeuka buluu iliyoiva, palipozibwa hapageuki. (Spiriti ipashwe kwa kukitumbukiza chombo chake ndani ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya moto wenyewe.)

Jua likizama, jani huanza kula akiba hiyo. Watafiti wa John Innes Centre huko Uingereza walichunguza mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, wakakuta wanga unapungua kwa mwendo ule ule usiku kucha na kufikia alfajiri takriban asilimia 95 umekwisha. Walipozima taa saa kadhaa kabla ya wakati, mmea ulipunguza mwendo papo hapo ili akiba iliyopungua itoshe usiku ulioongezeka. Ni kama jani linapiga hesabu ya kugawanya: wanga uliopo kwa saa zilizobaki. Saa hizo huzijua kwa saa yake ya ndani. Mimea iliyowekwa katika "siku" ya saa 28 iliishiwa wanga saa 24 baada ya alfajiri iliyopita, ikabaki na njaa mpaka taa zilipowashwa, na ikakua vibaya.

Kwa kuwa mmea unaitumia akiba kwa kupumua kama sisi, usiku hutoa hewa ukaa. Kutokana na hilo imezuka hofu kwamba mimea chumbani humnyima mtu hewa akilala. Mtu anayelala kando yako hutoa nyingi zaidi kuliko vyungu vyako vyote, na hofu hiyo haina msingi.

Si wanga wote unaoliwa jani lilipo. Sehemu ya sukari husafirishwa kwenda shinani, kwenye viazi, kwenye matunda, au hugeuzwa kuni zenyewe. Mbegu nyingi huchagua mafuta, na sababu ni uzito: gramu moja ya mafuta hubeba takriban kilojuli 37, ya wanga kama 17. Mbegu inayopeperushwa na upepo haiwezi kubeba gunia. Ikishaangukia mahali na kufukiwa, haioni mwanga wowote. Mzizi wa kwanza na jani la kwanza hujengwa kwa jua lililonaswa na mmea mama msimu uliopita, na akiba hiyo ikiisha kabla jani halijafika juu, mche hufia ardhini. Ndiyo maana mbegu ndogo kabisa hupandwa juujuu.