Uchaguzi Tunaouuliza si wa Kura

Tangu wadadisi wa utafiti wetu wa mahali pa kujifungulia waanze kupita vijijini Mbeya, Iringa na Njombe, simu za malalamiko hapa ofisini hazikatiki. Kwenye kijiji kimoja mtendaji aliwarudisha kwa sababu barua ilisema "modeli ya uchaguzi wa mahali pa kujifungulia". Aliliona neno uchaguzi, akataka kibali cha Tume ya Uchaguzi. Barua tumeibadilisha: uchaguzi huo ni wa familia kuchagua kituo, na modeli ni hesabu inayoonyesha kilichowafanya wachague hicho.

Wangapi walijifungulia wapi, hilo linajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 81 ya uzazi ulifanyika vituoni, kutoka 63 mwaka 2015/16. Sisi tunatafuta kwa nini familia ya Makete iipite zahanati ya jirani, ipande gari hadi hospitali ya Ikonda. Kwa hiyo mdadisi akishaandika mlikokwenda, anauliza pia vituo mlivyoviacha. Swali hilo linaudhi wengi, lakini bila hilo hakuna modeli. Kila kituo ambacho mngeweza kukifikia huingizwa pamoja na nauli yake, dakika za njia (si kilomita, masika Kilolo kilomita hazisemi kitu), dawa, upasuaji na kauli za wahudumu, kisha hukadiriwa kila jambo lina uzito gani katika uamuzi. Utafiti unaokaribiana na huu, uliofanyika Kasulu, Kigoma, ulikuta heshima ya mhudumu na upatikanaji wa dawa na vifaa ndivyo vinavyovuta zaidi.

Kuhusu vibali: utafiti wa afya hupata ithibati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), barua hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, ndipo mwenyekiti wa kitongoji aongozane na mdadisi. Mdadisi asiye na kitambulisho asijibiwe. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; anayezivujisha anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na kishikwambi anachoandikia mdadisi majibu hakipimi shamba la mtu, kama wengine wanavyohofia. Tumelisema hili mara ngapi?

Kinachotuumiza zaidi ni jibu la "njiani". Mama mmoja alituambia alijifungulia njiani, huku bibi aliyempokea mtoto ameketi pembeni akimenya viazi, na chumba alichozalia kiko nyuma yake. Tunajua sababu: vijiji vingine vina sheria ndogo ya kutoza faini anayezalia nyumbani. Lakini "njiani" zikijaa, modeli inasoma kwamba familia iliamua kwenda kituoni ikashindwa na barabara, na anayepanga bajeti ataletewa hoja ya gari la wagonjwa mahali ambapo shida ni mhudumu anayefoka au begi la kujifungulia lenye mpira wa kutandika, glovu na pamba ambalo familia haikumudu kulinunua.

Majibu hayapelekwi kwa mtendaji. Kaya zilizojibu "njiani" mdadisi anazirudia mwezi huu. Mama ambaye haikuwa njiani ambadilishie tu jibu, na hataulizwa kwa nini la kwanza lilikuwa tofauti.