Kamandi ipo, fedha ya jengo ilizuiwa

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa Rais wa Marekani ndiye Amiri Jeshi Mkuu, nani anaweza kumzuia akiamua makao makuu ya kamandi yawe mahali fulani? Anayeweza ni Kongresi, yaani bunge la Marekani, na haihitaji kubishana naye juu ya vita. Inatosha kuandika ibara moja kuhusu fedha.

Mfano ni Kamandi ya Anga za Juu ya Marekani (Space Command), iliyoanzishwa upya tarehe 29 Agosti 2019. Ile ya kwanza, ya mwaka 1985, ilivunjwa mwaka 2002. Tusiichanganye na Kikosi cha Anga za Juu (Space Force), tawi la jeshi lililozaliwa Desemba 2019. Kikosi kinaajiri, kinafundisha na kununua vifaa. Kamandi inaendesha operesheni kwa kutumia askari wa matawi yote.

Kikosi chenyewe kilianza kwa kubanwa. Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, iliomba dola milioni 72.4 kwa ajili ya makao yake makuu, Kongresi ikatoa milioni 40. Sheria iliyokianzisha ilikataza pia kuongeza nafasi mpya za kijeshi: askari watoke miongoni mwa waliokuwapo.

Kwa kamandi, ugomvi ulikuwa jengo. Januari 2021 Jeshi la Anga lilipendekeza yajengwe kwenye kituo cha jeshi cha Redstone Arsenal, Huntsville, jimboni Alabama. Julai 2023 Rais Biden akaamua kamandi ibaki Colorado Springs, jimboni Colorado. Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Kijeshi ya Baraza la Wawakilishi wakati huo alikuwa Mike Rogers, mbunge wa Alabama, na hakukubali. Sheria ya ulinzi iliyosainiwa tarehe 22 Desemba 2023 ikazuia fedha za ujenzi wa makao makuu mapya hadi 30 Juni 2024, ili wakaguzi wapate muda wa kuuchunguza uamuzi ule.

Ibara kama hiyo isomwe polepole. Kwanza tazama vitenzi: kwa kawaida inakataza kulipa na pia kuingia mkataba wa kulipa baadaye, kwa hiyo hakuna ujanja wa kusaini leo ili hundi itoke mwakani. Kisha tazama kitu kinachozuiwa, halafu neno “hadi”. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, maana mradi haujafutwa, umesubirishwa, na kila mwezi wa kusubiri unaukaribisha uchaguzi ambao unaweza kumleta rais mwingine.

Je, kamanda hawezi kuchota fedha kwenye kasma nyingine? Hawezi hivi hivi. Fedha za uendeshaji hudumu mwaka mmoja wa bajeti, za ujenzi wa kijeshi miaka mitano, na kila moja ina kazi yake. Afisa anayetumia fedha ya umma bila idhini ya sheria anaweza kuadhibiwa kazini, na akifanya kwa makusudi anaweza kushtakiwa. Ndiyo maana afisa mikataba huogopa ibara ya namna hii kuliko hotuba yoyote ya bungeni.

Na bado kazi haikusimama. Tarehe 15 Desemba 2023, wiki moja kabla ya saini ile, Jenerali James Dickinson, mkuu wa kamandi wakati huo, alitangaza kwamba kamandi imefikia uwezo kamili wa kiutendaji, ikiwa palepale Colorado Springs. Kizuizi kiligusa matofali, hakikugusa ufuatiliaji wa setilaiti.

Mimi ninaviunga mkono vizuizi vyenye tarehe na sharti linalotimizika. Ukaguzi wa mwaka 2022 ulikuwa tayari umeonyesha kasoro katika namna eneo lilivyochaguliwa, hivyo kudai maelezo zaidi ilikuwa haki ya Kongresi. Kinachonikera ni chombo hiki kutumiwa kulinda ajira za jimbo la mtu, na wabunge wa Colorado nao walikuwa na jimbo la kulinda.

Tarehe 2 Septemba 2025 Rais Trump alitangaza kwamba kamandi itahamia Huntsville. Tangazo hilo halina fedha ndani yake. Atakayetaka kujua uhamisho umefika wapi afungue majedwali ya ujenzi wa kijeshi katika miswada ya kila mwaka, atafute Redstone Arsenal, kisha asome kama kuna “hadi” nyingine imeandikwa pembeni.